Kiberiti, Salfa na Kamusi: Maneno ya Kemia katika Masasi na Newala

Historia ya kamusi za Kiswahili huandikwa kwa kawaida kuanzia pwani. Hutajwa Rabai, alikokaa Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1882. Hutajwa Unguja, walikofanya kazi Askofu Edward Steere na A. C. Madan, kisha husimuliwa habari za Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930, na za kamusi za Frederick Johnson zilizochapishwa mwaka 1939. Bara hutajwa kwa nadra, na kusini ya Tanzania kwa nadra zaidi. Walakini nchi ya Masasi na Newala ina sehemu yake katika historia hiyo, tena sehemu inayohusu jambo linalowashughulisha leo walimu na wanalugha kwa pamoja, nalo ni hili: ni kamusi ya namna gani imfaayo mwanafunzi wa sayansi, na hasa mwanafunzi wa kemia? Makala haya yanalichunguza jambo hilo kwa kufuata safari ya maneno machache ya kemia, tangu zama za misioni hadi zama hizi ambapo kamusi huwekwa ndani ya simu.

Masasi iko chini ya uwanda wa juu wa Makonde, upande wa magharibi, kati ya majabali makubwa yaliyosimama peke yake katika nchi tambarare. Newala iko juu ya uwanda wenyewe, ukingoni, mahali ambapo mtu hutazama bonde la Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo ya mto. Udongo wa uwandani ni wa kichanga, nao hunywa maji ya mvua upesi, hata tangu zamani watu wa huko wamezoea kuyafuata maji mabondeni. Mwaka 1876 Askofu Steere aliongoza kutoka Unguja, kwa njia ya Lindi, kikundi cha watu waliokombolewa katika utumwa, akawaweka Masasi. Huyu ndiye Steere ambaye miaka sita kabla, mwaka 1870, alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili pamoja na orodha zake za maneno. Watu aliowaongoza walikuwa wa asili mbalimbali, na Kiswahili walichokipata Unguja ndicho kilichowaunganisha. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, na sehemu ya kazi ya misioni ikahamia Newala kwa Matola, jumbe wa Wayao, chini ya Chauncy Maples. Maples naye alikuwa mtu wa maneno: mwaka 1879 alitoa mkusanyo wa lugha ya Kimakua, na mwaka 1888 msamiati wa Kiyao.

Kwa hiyo Masasi na Newala zilikuwa tangu mwanzo nchi ya lugha nyingi, na Kiswahili kilikuwa daraja baina yao. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906 kuchunguza mila na lugha za Wayao, Wamakua na Wamakonde, alilitumia daraja hilo hilo. Hali hii yafaa ikumbukwe na kila mtu atakayezungumza juu ya kamusi ya mwanafunzi. Mtoto wa Newala, kwa muda mrefu, alianza maisha yake kwa Kimakonde, akasoma darasani kwa Kiswahili, kisha akakutana na kemia kwa Kiingereza. Kamusi ya lugha mbili humtazama kana kwamba ana mto mmoja tu wa kuvuka, na hali yeye anayo miwili.

Kamusi za wamisioni zilitungwa kwa haja iliyokuwa wazi. Mgeni alitaka kujua neno gani la Kiswahili limkabili neno lake, ili ahubiri, atafsiri, anunue chakula au aongoze wapagazi. Neno liliwekwa mkabala na neno, na kazi ikaisha. Kwa haja hiyo njia yenyewe ilitosha. Mtu aliyejua tayari kile kiitwacho salfa katika nchi yake hakuhitaji kuelezwa kitu chenyewe. Alihitaji kujua tu kwamba Waswahili hukiita kiberiti. Hivyo ndivyo kamusi za zamani zilivyoandika: kiberiti ni madini ya manjano yaungayo, tena ni njiti za kuwashia moto. Maana zote mbili zilikuja pamoja, kwa kuwa hata katika Kiarabu, lilikotoka neno hili, madini yale na njiti ya moto huitwa kwa jina moja, na njiti za zamani zilichovywa katika madini hayo hayo. Msomaji wa Biblia ya Kiswahili analijua neno hili kwa maana yake ya kwanza katika habari za Sodoma na Gomora, ijapokuwa wasomaji wengi wa leo, wanapofika hapo, huwaza kijisanduku cha njiti.

Kiberiti hakikuwa peke yake. Kiswahili kilikuwa na maneno mengi ya vitu ambavyo leo vimo katika vitabu vya kemia, kwa sababu watu wa pwani na wa bara walikuwa na kazi zao za kubadili vitu kwa moto, kwa maji na kwa majivu. Walikuwa na dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi, bati na zebaki. Walikuwa na shabu, ambayo huwekwa katika maji machafu ili tope litulie chini. Walikuwa na magadi, na maji yaliyochujwa katika majivu. Walikuwa na chokaa, iliyopatikana kwa kupanga matumbawe juu ya magogo na kuyachoma hata yakageuka kitu chepesi cheupe ambacho kikitiwa maji huchemka na kuwa unga. Mchoma chokaa wa Mikindani hakujua kwamba moto wake unaitoa gesi katika jiwe. Lakini alijua kwamba jiwe lililoingia motoni si lile lililotoka, na kwamba lisiloiva halifai kwa kujengea. Huo ni ujuzi wa kemia, hata kama hauna alama zake.

Neno lingine la namna hii ni keneka. Kukeneka ni kuchemsha kitu hata mvuke wake upande, kisha kuupoza mvuke huo ili urudi kuwa maji na kukingwa katika chombo kingine. Katika nchi ya mikorosho kazi hii inajulikana sana. Mabibo hukamuliwa, maji yake huachwa yachachuke yawe uraka, na uraka ukikenekwa hupatikana nipa, kileo kikali ambacho sheria haikuwa rafiki yake. Yafaa kutazamwa kwamba sheria ya Tanzania ya mwaka 1966 iliyohusu pombe ya namna hii iliiita moshi, yaani ilichukua jina la kile kinachoonekana kikitoka katika chungu. Watunga istilahi walipotafuta neno la kazi hiyo kwa ajili ya maabara, hawakuhitaji kwenda mbali: ukenekaji ulikuwapo tayari, na watu waliujua kwa macho na kwa pua.

Hata jina la elimu yenyewe lina safari ya ajabu. Kemia limetoka katika Kiarabu, al-kimiya. Likaingia Ulaya pamoja na elimu ya Waarabu, likabadilika huko, kisha likaja Afrika ya Mashariki kwa mkono wa Kiingereza. Kiswahili, ambacho kilichota maneno mengi moja kwa moja katika Kiarabu, hili kilipewa na Mzungu. Jambo hili linawaonya wale wanaodhani kwamba asili ya neno yatosha kuamua kama neno hilo ni letu au ni la wageni.

Baada ya uhuru, haja ya kamusi ilibadilika. Mwaka 1964 kazi ya ile Kamati ya Lugha ilikabidhiwa kwa chuo cha uchunguzi wa Kiswahili huko Dar es Salaam, ambacho mwaka 1970 kikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu, na tangu mwaka 2009 ni Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwaka 1967 liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, na katika miaka hiyo hiyo, kwa kufuata siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mpango wa pili wa maendeleo, wa mwaka 1969 hadi 1974, ulitazamia kwamba sekondari nazo zitafuata. Basi ikawa lazima kuwa na maneno. Baraza likaanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970, na Taasisi ikashughulikia kamusi za masomo.

Watunga istilahi wa zama hizo walijiwekea utaratibu. Neno litafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake. Likikosekana, litafutwe katika lugha nyingine za Kibantu. Na likikosekana huko, ndipo liazimwe kutoka nje na kutoholewa. Kwa njia hii lugha za bara zimekipa Kiswahili maneno mema kama ikulu. Lakini katika kemia utaratibu huu ulikutana na shida. Vitu vingi vya kemia havionekani, na majina yake yamefungamana na alama zinazotumika dunia nzima. Oksijeni ina alama ya O, haidrojeni ina alama ya H, na mwanafunzi anayeandika jina lisilofanana na alama hubeba mizigo miwili. Ndiyo sababu maneno mengi ya elementi yametoholewa, na maneno ya vitendo na hali yametungwa kutoka ndani: mmenyuko, kichocheo, ukenekaji, kimeng'enya.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia katika sekondari mwaka 1985 na katika vyuo vikuu mwaka 1992. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 uchunguzi wa C. Criper na W. Dodd ulionyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari kilikuwa hafifu mno kufaa kuwa lugha ya kusomea; lakini matokeo yake yakawa ni kuletwa kwa mradi wa kukiimarisha Kiingereza, wala si kubadili lugha ya darasa. Basi Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ilipochapishwa mwaka 1990, ilitokea wakati mlango uliokusudiwa kufunguliwa nayo ulikuwa umeshafungwa. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ikathibitisha Kiingereza katika sekondari. Sera ya mwaka 2014 ilikipa Kiswahili nafasi zaidi katika maneno yake, lakini mtihani wa kemia wa kidato cha nne uliendelea kuulizwa na kujibiwa kwa Kiingereza.

Matokeo ya mambo hayo yanaonekana vizuri katika shule kama Ndanda na Chidya, zote mbili za nchi ya Masasi. Ndanda ilianzia katika kazi ya Wabenediktini, waliofika huko mwaka 1906, na Chidya katika kazi ya Waanglikana. Zote zikawa shule za serikali baada ya uhuru. Mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza katika shule za namna hii ametoka shule ya msingi akiwa na istilahi za sayansi kwa Kiswahili. Amejifunza usanisinuru, hewa ukaa, asidi na besi. Siku ya kwanza ya somo la kemia maneno hayo yote huwa kama fedha ya nchi nyingine: yana thamani, lakini hayanunui kitu katika soko alilomo. Kamusi ya mwaka 1990 ingeweza kuwa kibadilishia fedha chake. Lakini kamusi isiyotakiwa na mtihani haiagizwi na mkuu wa shule, na isiyoagizwa haifiki maktabani; nayo isipofika maktabani, maneno yake hayazoewi; na maneno yasiyozoewa husemwa kuwa ni magumu. Hivyo kosa la mpango wa elimu likageuzwa kuwa kosa la lugha.

Wakati kamusi ikingoja darasa, kemia ilikuwa inaingia Masasi na Newala kwa mlango mwingine kabisa, yaani mlango wa shamba. Mikorosho ndiyo mali ya nchi hiyo. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho tani 145,000 hivi. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalianguka hata yakawa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu kuhamishiwa vijijini mbali na mashamba yao, bei ndogo, na mikorosho kuzeeka. Lakini sababu mojawapo kubwa ilikuwa ugonjwa wa kuvu ambao hufunika majani machanga na maua kwa kitu cheupe kama unga, maua yakakauka kabla ya kuzaa. Watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, waliwafundisha wakulima kuupiga ugonjwa huo kwa unga wa salfa, unaopulizwa kwa mashine juu ya miti alfajiri, upepo ungali umetulia na umande ungalipo.

Hapa pana maneno matatu ambayo mwanalugha hana budi kuyatazama pamoja. La kwanza ni ubwiriunga, jina la ugonjwa. Ubwiri ni neno la zamani la Kiswahili kwa ukungu wa mimea, na unga kila mtu aujua. Yakaunganishwa, na neno likaishi. La pili ni salfa. Hili ni la kutoholewa kutoka Kiingereza, halina mzizi wowote wa Kibantu wala wa Kiarabu, nalo pia limeishi. Hakuna mkulima wa Newala asiyelijua, na bei yake ilikuwa ikijadiliwa kila mwaka kabla ya msimu. La tatu ni kiberiti, jina la asili la kitu kile kile, lililoandikwa katika kamusi kwa zaidi ya miaka mia. Hili, kwa maana ya madini, halikutumika shambani hata kidogo. Njiti za moto zilikuwa zimelichukua jina lote, na mtu aliyeambiwa apulizie mikorosho kwa kiberiti angeogopa kuunguza shamba.

Kwa hiyo katika shamba moja limeishi neno la ndani na neno la nje, na neno lililokuwa na haki zote za kamusi limekufa. Utaratibu wa watunga istilahi, wa kutazama kwanza neno limetoka wapi, haukuamua lolote hapa. Lililoamua ni kwamba palikuwa na watu waliolazimika kulitamka neno kila siku, kuuza na kununua kwa jina hilo, na kupata hasara wakilikosea. Maneno ya kemia yalipata shambani kile ambacho shule iliwanyima, yaani mahali pa kutumika.

Lakini shamba nalo lina mpaka wake. Mkulima analijua jina la salfa na kazi yake juu ya ua la mkorosho. Si lazima ajue kinachotokea unga huo ukianguka chini. Mwaka 1997 A. E. Majule, C. P. Topper na S. Nortcliff walichapisha uchunguzi wao juu ya athari za kupulizia salfa katika mikorosho ya kusini ya Tanzania. Jambo lenyewe laweza kuelezwa kwa ufupi. Salfa iliyoanguka hubadilishwa na bakteria wa udongoni, ikaungana na oksijeni na maji, ikawa asidi ya salfuriki. Udongo wa kichanga, kama ule wa uwanda wa Makonde, hauna nguvu nyingi za kuizuia asidi hiyo, na kwa hiyo huzidi kuwa na uchachu mwaka hata mwaka, na rutuba yake hupungua. Dawa yake yajulikana: ni chokaa, ile ile ya mchoma matumbawe, ambayo ni kinyume cha asidi.

Katika sentensi hizo chache zimo salfa, oksijeni, asidi, chokaa na mmenyuko. Yaani karibu nusu ya mambo anayofundishwa mwanafunzi wa kemia katika miaka yake ya kwanza, na yote yamo katika shamba la baba yake. Mwanafunzi huyo akifungua kamusi inayosema tu kwamba neno fulani la Kiingereza ni salfa kwa Kiswahili, amepewa alichokuwa nacho tangu utotoni. Anachohitaji ni maelezo: kwamba salfa ni elementi isiyo metali, ya rangi ya manjano, alama yake S na namba yake ya atomu 16, kwamba ikichomwa huwaka kwa mwali wa buluu na kutoa gesi inayokera pua na kifua, kwamba hutumika kuulia kuvu wa mimea, kwamba udongoni hugeuka asidi, na kwamba zamani Waswahili waliiita kiberiti. Maelezo ya namna hiyo yangemfungulia somo zima, na mtihani ukija kwa Kiingereza angekuwa na kitu cha kutafsiri. Asiye na maana kichwani hana cha kutafsiri ila sauti.

Hapa ndipo linapoingia suala la kamusi ya simu. Kamusi za Kiswahili zilianza kuingia katika mashine mapema kuliko wengi wanavyodhani: mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mradi wa kamusi ya Kiswahili katika intaneti, ambao watu wa nchi nyingi waliuchangia maneno. Simu za mkononi zilipoenea, zikaja programu za kamusi za masomo mbalimbali, na miongoni mwake kamusi za kemia. Faida zake kwa mwanafunzi ni za kweli. Neno hupatikana kwa kuandika herufi zake chache. Kamusi haichakai wala haiibiwi katika maktaba. Nyingine hufanya kazi bila ya intaneti. Neno moja huongoza kwa lingine, na makosa yaweza kusahihishwa bila ya kupiga chapa upya. Kwa shule iliyo mbali na maduka ya vitabu, mambo haya si madogo.

Walakini yapo mambo matatu ambayo chombo kipya hakikuyabadili. Kwanza, kamusi za kemia za namna hii kwa kawaida zimeandikwa kwa Kiingereza tu, na zinaeleza neno gumu kwa maneno mengine magumu ya lugha ile ile. Pili, zile zinazotoa Kiswahili huweka neno mkabala na neno, kama alivyofanya Madan mwaka 1894, ijapokuwa msomaji wake si tena mgeni anayekijua kitu na kutafuta jina, bali ni kijana anayelipata jina na kukitafuta kitu. Tatu, simu yenyewe hairuhusiwi mikononi mwa mwanafunzi katika shule nyingi, na nyumbani huwa ni mali ya mzazi. Kwa hiyo kamusi ya simu imo katika hatari ya kurudia historia ya kamusi ya mwaka 1990: kuwa kazi njema isiyo na darasa.

Tena kuna shida ya maneno yanayoshindana. Katika gazeti mtu humwagiwa tindikali. Katika kitabu cha shule ni asidi. Katika mkutano wa kijiji juu ya misitu husemwa hewa ukaa. Penginepo huandikwa kabonidayoksaidi, na mwingine akaandika dioksidi ya kaboni. Katika kitabu kilichochapwa, mhariri huchagua moja. Programu iliyokusanya maneno kutoka kila upande huyatoa yote pamoja bila ya kusema lipi ni la wapi, na mwanafunzi hudhani kuwa ni vitu vitatu. Si lazima maneno haya yafutwe. Mtu aliyeumizwa na tindikali hataacha kuiita hivyo kwa sababu ya kamati, wala haifai aache. Lakini kamusi ya mwanafunzi haina budi kusema wazi kwamba tindikali ya mtaani na asidi ya darasani ni jamaa moja, na kwamba asidi ni pana zaidi, kwa kuwa hata maji ya ndimu yamo ndani yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni bure maadamu mtihani ni wa Kiingereza. Hoja hiyo ina nguvu, na historia iliyosimuliwa hapa imeonyesha jinsi sera ilivyoweza kuifanya kazi ya miaka mingi ikose wasomaji. Lakini hoja hiyo huchukulia kwamba mwanafunzi husoma kwa lugha ya mtihani tu. Walimu wengi wa sayansi, wakiona nyuso za wanafunzi zimefunga, hueleza kwa Kiswahili kisha hurudi katika Kiingereza cha ubao. Darasa hilo la Kiswahili lipo, ijapokuwa halimo katika ratiba, nalo halina kitabu chake. Mwalimu hutunga istilahi papo hapo, kila mmoja yake, na kesho yake huzisahau. Kamusi yenye maelezo, iwe ya karatasi au ya simu ya mwalimu, ingelipa darasa hilo kitu cha kushika.

Wapo pia watakaosema kwamba maneno kama salfa si Kiswahili safi, na kwamba ingefaa kurudi kwenye kiberiti. Hao jibu lao liko Newala. Kamusi yaweza kuhifadhi kiberiti kwa ajili ya msomaji wa maandiko ya zamani, na ni wajibu wake. Lakini haiwezi kumrudisha mkulima nyuma kwenye neno ambalo kwake ni kijisanduku cha njiti.

Kazi iliyobaki kwa wanalugha, basi, ni ya namna mbili. Ya kwanza ni ya kukusanya: kwenda kwa wapulizia salfa, kwa wakeneka nipa, kwa wachoma chokaa na kwa akina mama wanaobangua korosho, ambao mikono yao huyajua mafuta makali ya ganda kuliko kitabu chochote, kuandika maneno wanayoyatumia kwa Kiswahili, Kimakonde, Kimakua na Kiyao. Maples na Weule walikusanya huko kwa haja za zama zao. Haja ya kemia haikuwa mojawapo. Ya pili ni ya kueleza: kuchukua istilahi zilizomo katika kamusi ya mwaka 1990 na katika vijitabu vya Baraza, na kuzipa maelezo yanayoanzia katika kitu ambacho mwanafunzi amekwisha kukiona. Hayo yakifanywa, kuyatia katika simu ni kazi ya mafundi, nayo ni ndogo. Yasipofanywa, mwanafunzi wa Newala atakuwa na kamusi mkononi, na udongo wa shamba la kwao utazidi kuwa na uchachu bila ya yeye kujua kwamba neno la kuueleza analo.